Kuuza Kaboni ya Msitu wa Kijiji: Hatua Tisa, Kuanzia Mpakani Hadi Akaunti ya Kijiji

Ujumbe unaotufikia karibu ni uleule: "Kijiji chetu kina msitu mkubwa wa asili, tunatafuta mnunuzi wa hewa ukaa." Ukiuliza ramani ya msitu iko wapi, haipo. Ukiuliza sheria ndogo, bado ziko kwenye rasimu. Mnunuzi anatafutwa kabla bidhaa haijakuwepo, na hapo ndipo madalali wanapopata mlango.

Mwongozo huu ni wa vijiji vya Tanzania Bara vyenye msitu wa asili, hasa miombo, vinavyotaka kuuzuia usifyekwe na kulipwa kwa kazi hiyo. Wapo waliokwisha kuipita njia hii. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, Mbulu, walianza na vijiji vya Mongo wa Mono na Domanga. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vinalinda misitu ya milima ya Ntakata, na vimejenga zahanati, madarasa na ofisi kwa fedha za kaboni. Ninyi pia msianze kwa kutafuta mnunuzi.

## Mnachohitaji kuwa nacho

Karatasi

- Cheti cha usajili wa kijiji.
- Cheti cha Ardhi ya Kijiji pamoja na ramani ya upimaji.
- Mihtasari ya makubaliano ya mipaka, iliyosainiwa na vijiji vyote jirani.
- Mpango wa matumizi ya ardhi (kama haupo, hatua ya 4).
- Sheria ndogo zilizopitishwa na halmashauri ya wilaya. Rasimu haihesabiki.
- Akaunti ya benki ya kijiji yenye taarifa za karibuni.

Watu

- Halmashauri ya kijiji na Mtendaji anayejua kuandika muhtasari.
- Kamati ya maliasili na kamati ya matumizi ya ardhi. Wajumbe wasiwe walewale kila mahali.
- Afisa misitu wa wilaya na mwanasheria wa halmashauri.
- Vijana wawili watatu wanaoijua simu janja vizuri.

Vifaa

- GPS ya mkononi au simu janja yenye programu ya kurekodi njia bila mtandao.
- Futi ya fundi cherehani, kijiti kilichokatwa mita 1.3, na kamba yenye mafundo kwenye mita 5, 10 na 15.
- Rangi nyekundu ya mafuta, brashi, panga, viatu vizito.
- Madaftari magumu na mfuko wa plastiki wa kuyafunika mvua ikinyesha.

Muda na fedha. Hesabuni miaka, si miezi, kabla ya shilingi ya kwanza. Upimaji, mikutano na ukaguzi wa kimataifa vinagharimu makumi ya maelfu ya dola. Kijiji hakiwezi kubeba hilo peke yake na hakipaswi kujaribu. Kwa kawaida mwendelezaji wa mradi (kampuni au shirika linaloutengeneza na kuuza hati) hutanguliza gharama, akishirikiana na halmashauri au shirika la uhifadhi, kisha hurudisha chake kwenye mauzo. Kijiji kinachoombwa "ada ya usajili wa kaboni" mapema kinaibiwa.

## Hatua ya 1: Hakikisheni msitu ni wenu

Anayelipwa ni mwenye mamlaka ya kuusimamia msitu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Lakini msitu mnaouona kutoka kwenye kilima cha shule unaweza kuwa na wenyewe watatu: kipande cha kijiji, kipande cha hifadhi ya Serikali Kuu iliyo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na kipande ambacho kijiji jirani nacho kinadai.

Nendeni na ramani ya upimaji kwa afisa misitu wa wilaya na kwa mhifadhi wa TFS. Ombeni ramani zote ziwekwe juu ya nyingine. Mkiwa ndani ya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, mkataba wa jumuiya nao uwe mezani.

Kisha tembeeni mpaka wenyewe. Wazee wa pande zote mbili watangulie, kijana arekodi njia kwenye GPS, na kila kona ipakwe rangi kwenye mti mkubwa. Penye mabishano msipake kitu. Andikeni, rudini, kaeni tena.

Onyo: mgogoro mdogo wa mpaka, hata wa mbuga moja ya malisho, husimamisha mradi mzima. Mkaguzi akisikia jirani analalamika, ataandika, na kilichoandikwa kinasomwa na wanunuzi.

Mmefaulu mkiwa na ramani moja ambayo kijiji, jirani na wilaya wote wanasema "ndiyo hiyo".

Kwa jamii ndogo zisizo na sauti kubwa ndani ya kijiji, kuna hati ya hakimiliki ya kimila ya kikundi. Wahadzabe wa Mongo wa Mono walipata yao mwaka 2011, na ndiyo iliyowapa pa kusimama wengine walipotaka kulima na kuchungia humo.

## Hatua ya 2: Fanyeni hesabu kabla ya kuota

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo twende taratibu.

Hamlipwi kwa miti iliyosimama. Mnalipwa kwa ukataji ambao ungetokea na ninyi mkauzuia, kwa ushahidi. Hati moja ya kaboni ni tani moja ya hewa ukaa ambayo haikwenda angani. Msitu ulio mlimani ambako hakuna anayeutaka, hakuna barabara wala mkaa, unaweza kuwa mzuri ajabu na ukaleta hati chache sana. Msitu unaomegwa kila mwaka na mashamba ya ufuta au mahindi ndio wenye cha kuuza, mradi kumega kukome.

Chukueni mfano wa kubuni. Kijiji kina hekta 10,000 za miombo. Dalali anakuja: kila hekta ina tani 80 za hewa ukaa, kwa hiyo mna tani 800,000, mtakuwa mabilionea. Hesabu halisi haiendi hivyo:

- Tuseme picha za satelaiti zinaonyesha eneo hilo hupoteza asilimia 1 ya msitu kwa mwaka. Bila mradi, hekta 100 zingefyekwa.
- Hekta 100 mara tani 80 ni tani 8,000 kwa mwaka.
- Baadhi ya waliozuiwa watahamia msitu wa jirani. Tukikata asilimia 15 kwa hilo, zinabaki 6,800.
- Asilimia 15 nyingine huwekwa kwenye akiba ya dharura ya viwango vya kimataifa (masharti ambayo mradi hupimwa nayo kabla ya kupewa hati), ili moto ukija kuunguza msitu pawe na cha kufidia. Zinabaki 5,780.

Hapo ulinzi umefanya kazi kwa asilimia mia. Mkipunguza ufyekaji kwa nusu tu, mnauza nusu. Kwa bei ya mfano ya dola 5 kwa tani, hizo 5,780 ni dola 28,900 kwa mwaka kabla ya gharama na mgawanyo. Ni fedha ya maana kwa kijiji, lakini si mabilioni. Vijiji vya Tanganyika vinapokea fungu kubwa kwa sababu vimeungana na msitu wao unapita hekta laki mbili.

Kwa hiyo jiulizeni mambo mawili. Je, kuna tishio la kweli linaloonekana kwenye picha za miaka 10 iliyopita? Na je, eneo linatosha? Kijiji chenye hekta 300 kisijaribu peke yake. Gharama za ukaguzi zitameza kila kitu. Tafuteni majirani wenye msitu unaopakana na wenu mwende kama kundi.

Onyo: msikuze tishio ili kupata hati nyingi. Miradi kadhaa duniani imeumbuka kwa makadirio yaliyopandishwa, na hati zake zikakosa wanunuzi. Verra, msajili mkubwa kuliko wote, ilitoa utaratibu mpya Novemba 2023 ambapo kiwango cha ukataji kinakadiriwa kwa eneo pana na kugawiwa kwa kila mradi kulingana na hatari iliyopo. Mradi haujikadirii wenyewe tena.

Mmefaulu mkiweza kueleza kwenye mkutano, bila kusoma karatasi, kwa nini 10,000 mara 80 si jibu.

## Hatua ya 3: Pateni ridhaa iliyo ridhaa

Viwango vyote vinavyoheshimika vinadai ridhaa huru, iliyotolewa mapema, na watu wakiwa na taarifa kamili. Mkutano mmoja wa saa mbili chini ya mwembe hautoshi.

Anzieni kwenye vitongoji. Kaeni na wafugaji peke yao, wachoma mkaa peke yao, wanawake wanaokata kuni na kuokota uyoga peke yao, vijana wasio na shamba peke yao. Kwenye mkutano mkuu wazee na viongozi ndio huongea, na mchoma mkaa hawezi kusimama mbele ya Mtendaji akasema msitu huo ndio ada ya mwanawe. Kwenye kikao chake atasema, na mtajua mapema ni nani atakayeumia.

Semeni mabaya pia. Semeni hakutakuwa na shamba jipya ndani ya eneo hilo kwa miaka mingi, fedha zitachelewa, na bei hupanda na kushuka.

Baada ya hapo ndipo uitwe mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuwepo. Muhtasari uandikwe kwa Kiswahili chepesi, maswali na majibu yaandikwe, mahudhurio yasainiwe kwa majina na kitongoji. Waliopinga nao waandikwe, na hoja zao.

Onyo: orodha ya mahudhurio yenye mwandiko mmoja kuanzia juu hadi chini ni kitu cha kwanza ambacho mkaguzi huona.

Mmefaulu ikiwa mgeni anaweza kumsimamisha mtu yeyote kisimani na akaelezwa mradi ni nini.

## Hatua ya 4: Mpango wa matumizi ya ardhi, tangazo la hifadhi, sheria ndogo

Mambo haya matatu huenda pamoja. Mpango wa matumizi ya ardhi hufuata hatua sita za mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, chini ya Sheria Na. 6 ya 2007, na huongozwa na timu ya wilaya ikishirikiana na kamati yenu. Sitazirudia hapa; timu ya wilaya inazijua. Yapo mambo mawili ambayo timu zenye haraka huyaruka.

La kwanza, ardhi ya kesho. Mpango ukitenga msitu, malisho na mashamba yaliyopo, ukasahau watoto watakaohitaji shamba baada ya miaka mitano, utavunjwa na watoto haohao. Tengeni akiba ya kilimo nje ya msitu, hata kama maana yake ni kupunguza hekta za kaboni. Kipande kidogo kinacholindika kina faida kuliko kikubwa kinachomegwa.

La pili, kuni na mkaa vitatoka wapi. Zuio lisilo na mbadala husogeza panga kwenda msitu wa jirani, na wakaguzi hupima ukanda unaozunguka mradi kwa satelaiti. Tengeni eneo la matumizi lenye utaratibu, pandeni miti ya kuni karibu na makazi, na ruhusuni asali, uyoga na dawa za miti ndani ya hifadhi kwa masharti.

Baada ya mpango kupita, kijiji kinatangaza Msitu wa Hifadhi wa Ardhi ya Kijiji chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002: mkutano mkuu unaridhia, mpango wa usimamizi wa msitu unaandikwa, na msitu unaingizwa kwenye rejista ya wilaya. Kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali huweza kuombwa baadaye, msitu ukiwa umesimamiwa kwa miaka mitatu. Msisubiri hilo ndipo muendelee.

Sheria ndogo zitaje faini, nani anakamata, mali iliyokamatwa inakwenda wapi, na risiti inatolewa na nani. Zikishapita mkutano mkuu, zipelekeni kwenye baraza la madiwani. Kabla ya muhuri wa halmashauri ya wilaya, faini mnayotoza inaweza kuwarudia kama kesi ya kunyang'anya.

Mmefaulu ikiwa Mahakama ya Mwanzo inaweza kuipokea kesi yenu ya kwanza bila kuhoji karatasi.

## Hatua ya 5: Doria, daftari na moto

Anzeni doria mapema, hata kabla ya mkataba. Kumbukumbu za mwaka mmoja zinawapa nguvu mezani.

Ukurasa mzuri wa daftari unasomeka hivi: "14/8. Saa 4 asubuhi. Upande wa korongo la magharibi. Visiki 6 vya mninga, vibichi, vimekatwa kwa chenso. Njia ya tairi za trekta kuelekea barabara kuu. Pointi ya GPS 027, picha 3. Tumefuata njia kilomita 2, hatukukuta mtu. Walinzi 4." Kila neno hapo lina kazi. "Vibichi" inasema ni ukataji wa wiki hiyo. Chenso na trekta vinasema si mwanakijiji mwenye shoka, ni mtu mwenye mtaji.

Siku isiyo na tukio nayo iandikwe: njia mliyopita, saa, "hatukukuta kitu". Daftari lenye matukio tu linaonyesha mnakwenda msituni mkiitwa.

Lipeni walinzi posho wanayoahidiwa, kwa wakati. Mlinzi asiyelipwa miezi mitatu anajua pa kupata fedha, na mwenye chenso naye anamjua.

Moto unahitaji akili zaidi. Msitu wa miombo umezoea moto mwepesi, lakini moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, unaua miche na kubabua magome ya miti mikubwa. Dawa ni kuchoma mapema: kati ya Mei na Julai kutegemea mvua za kwenu zilikoma lini, nyasi zikiwa nusu kijani, jioni upepo ukitulia. Chomeni vipande vipande ili moto wa kiangazi ukija ukute mapengo. Safisheni na barabara za kinga moto kwenye mpaka unaopakana na mashamba, kwa sababu moto mwingi huanzia kwa mkulima anayesafisha shamba na kwenda kula.

Onyo: msimkabili mtu mwenye silaha. Pigeni picha mkiwa mbali, ondokeni, toeni taarifa polisi na wilayani.

Mmefaulu ikiwa visiki vibichi kwa kila doria vinapungua msimu hadi msimu, na daftari linaonyesha hivyo lenyewe.

## Hatua ya 6: Pimeni miti

Wataalamu wa mradi wataongoza kazi hii, lakini kijiji kinachojua kupima hakidanganywi.

Vipande vya kupimia huchaguliwa kwenye ramani, kabla ya kuingia msituni. Pointi ikiangukia kwenye uwazi usio na mti, pimeni hapohapo. Kuhamia "penye miti mizuri kidogo" ni kuharibu takwimu zote.

Simameni katikati na kamba. Ndani ya mita 5 pimeni kila mti wenye kipenyo cha sentimita 5 na zaidi. Hadi mita 10, wenye sentimita 10 na zaidi. Hadi mita 15, wenye sentimita 20 na zaidi. Kipande cha nusu kipenyo cha mita 15 ni kama mita za mraba 707.

Mti hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3. Simamisheni kijiti, zungusheni futi bila kubana wala kulegeza, mkiondoa mtambaa uliojifunga. Kwenye mteremko, simameni upande wa juu. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 huhesabiwa kama miti miwili. Mzunguko mnaopata gawanyeni kwa 3.14 kupata kipenyo.

Jaribuni mti mmoja. Mzunguko sentimita 94, kipenyo sentimita 30. Kwa kanuni zinazotumika kwa miombo ya Tanzania, mti huo una kama kilo 470 za uzito mkavu juu ya ardhi. Karibu nusu ya hizo ni kaboni, kilo 220 hivi. Ikiungua na kuwa hewa ukaa, kila kilo ya kaboni inakuwa kilo 3.67 za hewa, kwa hiyo jumla ni kama kilo 810. Mti mnene hivyo haujafika tani moja. Nguzo ya sentimita 10 haifiki hata kilo 60. Mkilijua hili, ahadi za kwenye simu zitapoteza utamu.

## Hatua ya 7: Mkataba na mwendelezaji

Mwendelezaji ni kampuni au shirika linalotengeneza mradi, kuusajili na kuuza hati. Msitu unabaki wa kijiji. Mkataba ukisema kitu chochote kinachofanana na kukodisha au kuhamisha ardhi, simamisheni kikao.

Kwanza mchunguzeni. Sajili za Verra na za Plan Vivo, kiwango kingine cha kimataifa, ziko wazi kwenye intaneti: tafuteni jina lake, angalieni miradi aliyowahi kusajili, hati alizotoa. Hana hata mmoja? Si lazima awe tapeli, lakini mkataba wake uwe mfupi na wa majaribio. Na akisema atausajili ulinzi wa msitu wenu wa asili kwa Gold Standard, kiwango kingine tena, hajui kazi yake, kwa sababu Gold Standard haitoi hati kwa kuzuia ukataji wa misitu.

Pigeni simu au safirini hadi kijiji alichofanya kazi. Ongeeni na mtu asiye kiongozi.

Kwenye mkataba tafuteni haya:

- Lugha. Nakala ya Kiswahili yenye nguvu sawa kisheria. "Tafsiri ya msaada tu" haitoshi.
- Mgawanyo. Asilimia ya nini? Ya mauzo yote, au ya kinachobaki baada ya gharama ambazo yeye ndiye anayezihesabu? Tofauti ni kubwa kuliko asilimia yenyewe. Kanuni za Usimamizi wa Biashara ya Kaboni za 2022, pamoja na marekebisho ya 2023, zina vifungu vya mgawanyo na tozo. Mwanasheria wa halmashauri avisome mbele ya mkutano. Plan Vivo inadai angalau asilimia 60 ya mapato iende kwa jamii. Wenzetu wa Kenya, kwa marekebisho ya sheria yao ya tabianchi ya 2023, wameweka angalau asilimia 40 kwa miradi ya ardhini. Mjue mko wapi kati ya hapo, na kwa nini.
- Bei. Haki ya kijiji kuona ankara za mauzo. Mwendelezaji akijiuzia mwenyewe hati kwa dola 3, kisha kampuni dada ikaziuza kwa 12, asilimia 60 ya 3 ni ndogo.
- Muda na kutoka. Miradi hii hudumu miaka 20, 30, wakati mwingine 40. Pawe na mapitio kila miaka michache na njia ya kuvunja mkataba kazi isipofanyika. Kifungu cha upekee (kinachowazuia kufanya kazi na mwingine) kisicho na tarehe ya mwisho hufunga msitu bila mradi kuanza, na hiki ndicho kilichowafunga wengi walioharakia kusaini.
- Ucheleweshaji. Fedha zinafika kijijini siku ngapi baada ya mauzo.

Onyo: mkataba usiosomwa kwenye mkutano mkuu kabla ya kusainiwa usisainiwe. Mwenyekiti anayeitwa kusaini hotelini mjini arudi na karatasi nyumbani.

## Hatua ya 8: Serikali, kiwango cha kimataifa na mkaguzi

Mwendelezaji anaandika wazo la mradi na kuliwasilisha kwa utaratibu wa kanuni za 2022. Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni (NCMC), kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, hulipitia kitaalamu. Mradi ukikubalika ndipo andiko kamili hutayarishwa na kuombewa idhini. Kijiji kiombe nakala ya kila barua inayotoka na kuingia. Msiridhike na "mambo yanakwenda vizuri".

Kisha kiwango. Plan Vivo kimejengwa kwa ajili ya jamii ndogo na wakulima. Yaeda ilianzia huko. Verra ni ya miradi mikubwa na ina wanunuzi wengi zaidi, lakini gharama na makaratasi ni mazito. Vijiji vya Tanganyika vimesajiliwa Verra.

Mkaguzi wa kujitegemea huja mara ya kwanza kuthibitisha kama mradi umeundwa vizuri, kisha huja tena na tena kuhakiki tani zilizookolewa. Hujulishwi atamuuliza nani. Atachagua pointi kwenye ramani na kusema "twendeni pale". Atakaa na mwanamke anayekata kuni, mfugaji, na jirani mliyegombana naye. Msimfundishe mtu majibu. Mtu aliyefundishwa anajulikana kwa sentensi ya pili.

Mmefaulu hati zikionekana kwenye sajili ya wazi, zenye namba na jina la mradi wenu. Kabla ya hapo hakuna kaboni iliyouzwa, hata kama kuna mtu amewaonyesha picha ya mnunuzi.

## Hatua ya 9: Fedha zikiingia

Ziingie kwenye akaunti ya kijiji, si ya mtu wala ya kamati. Kabla hazijaguswa, mkutano mkuu upitishe bajeti: kwanza doria na kinga moto, kisha miradi ya huduma, kisha akiba. Akiba husahaulika kila mahali. Soko likishuka mwaka mmoja, walinzi bado wanatakiwa kulipwa, na wakataji wanajua mwezi ambao hamkuwalipa.

Huduma ziwafikie na waliopoteza zaidi. Ada za shule, bima ya afya au matibabu huwafikia wasio na ng'ombe wala shamba, wakati zahanati moja mara nyingi hujengwa kitongoji anachokaa mwenyekiti. Wahadzabe wametumia sehemu ya mapato kwa matibabu na elimu, na ilikuwa busara.

Bandikeni mapato na matumizi kila robo kwenye mbao za matangazo za vitongoji vyote. Mkisita kuandika mstari mmoja, ulizeni kwa nini mnasita.

Siku ileile fedha zinapoingia, pangeni tarehe za doria za robo inayofuata na hakikini kwamba picha na pointi za GPS za mwaka uliopita zimehifadhiwa sehemu mbili tofauti. Simu ya mlinzi ikipotea majini, ushahidi wa msimu mzima hupotea nayo, na mkaguzi hukubali tani zile tu zenye ushahidi.